Mtoto Ahama, Hukumu Yabaki

Kila mwaka shule zinapofungwa, mabegi ya watoto huvuka mji wa Bujumbura. Mtoto anayekaa na mama yake Buyenzi hupelekwa kwa baba Kinama kumaliza likizo. Wa Kanyosha hupanda mlimani kwa bibi. Mwezi wa tisa ukifika, kengele za shule zinalia, na baadhi ya mabegi hayarudi. Baba amekwisha kumwandikisha mtoto shule ya jirani. Au mama, aliyeachiwa mtoto kwa siku mbili tu, anasema amemkuta amekonda na hamrudishi. Hakuna aliyekwenda sentare, kama tunavyoiita mahakama hapa Burundi. Hukumu ya talaka bado imelala ndani ya bahasha juu ya kabati, ikisema mtoto anakaa mahali ambapo hakai tena.

Hivyo ndivyo ulezi unavyobadilishwa hapa kwetu mara nyingi: mtoto anahama kwanza, na karatasi, kama itafuata, inafuata baada ya ugomvi. Mzazi aliyehamisha anajiona ameokoa, aliyenyang'anywa anajiona ameibiwa, na wote wawili wanaweza kuwa na sehemu ya ukweli. Mwenye hasara ya hakika ni yule mwenye begi, ambaye hajui mwaka ujao atalala wapi.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa wazi. Katika talaka kuna mambo mawili yenye tabia tofauti. La kwanza ni kuvunjika kwa ndoa: jaji akishatamka, na muda wa kukata rufaa ukipita, limekwisha. La pili ni ulezi wa watoto, na hilo haliishi namna hiyo. Amri ya ulezi hutolewa kwa kutazama hali ya siku ile: umri wa mtoto, nyumba iliyopo, kazi ya mama, afya ya baba. Hali ikigeuka, mzazi anaweza kurudi sentare kuomba amri nayo igeuzwe. Mlango huo upo. Wanaoufikia bila mafanikio mara nyingi hushindwa kwa sababu wamemletea jaji talaka yao ya zamani, pamoja na matusi yake yote, badala ya kumwonyesha kilichobadilika katika maisha ya mtoto.

Sipendi kuwalaumu kwa hilo, maana kosa hili lina mizizi. Katika mila ya Kirundi, mtoto aliyezaliwa katika ndoa iliyotolewa inkwano, yaani mahari, ni wa ukoo wa baba. Mama aliyerudi kwao aliweza kuachiwa anayenyonya, lakini ilijulikana kwamba mtoto huyo akipata nguvu za miguu atarudi kwa baba yake. Hapakuwa na swali la nani analea vizuri zaidi. Swali lilikuwa mtoto ni wa nani. Sheria za Ulaya, ambazo zilirithiwa kupitia Wabelgiji, nazo zilikuwa na swali lao la kale. Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimpa watoto yule mwanandoa aliyeshinda talaka, isipokuwa mahakama ione faida kubwa zaidi kwa watoto kwingine. Mwenye hatia alipoteza ndoa na watoto pamoja. Basi Mrundi anayeingia sentare leo amebeba mizigo miwili ya mababu: mmoja unamwambia mtoto ni mali ya ukoo, mwingine unamwambia mtoto ni zawadi ya mshindi.

Sheria iliyoandikwa imejaribu kutoka huko. Kanuni ya Watu na Familia ilitungwa mwaka 1980, na ikafanyiwa marekebisho makubwa kwa amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 28 Aprili 1993, ambayo ndiyo msingi mpaka leo. Haikumaliza kila kitu: bado inamwita mume mkuu wa familia. Lakini katika ulezi inamtaka jaji atazame maslahi ya mtoto. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2004. Katiba, katika kifungu cha 19, inaifanya mikataba ya haki za binadamu iliyoridhiwa kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Maana yake kwa mama wa Bwiza au baba wa Ngagara ni hii: anaposimama mbele ya jaji wa sentare ya mtaani kwake, anaweza kudai kwamba maslahi ya mtoto yatangulie, na kwamba mtoto asikatwe na mzazi wa pili bila sababu. Ni haki iliyoandikwa mahali pa juu kuliko pote nchini.

Lakini nani anaruhusiwa kuingia kwa mlango huo wa sentare? Kwetu Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, hilo linakuwa jambo zito. Sheria ya Burundi inatambua ndoa moja tu, ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali. Hatuna mahakama ya kadhi kama Kenya, ambako Katiba ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 170. Mtu aliyeolewa kwa nikahi peke yake, au kwa inkwano peke yake, akiachwa hana talaka ya kuonyesha sentare, kwa kuwa mbele ya sheria hakuwa na ndoa. Mwaka 2017 serikali ya Rais Pierre Nkurunziza iliwataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla mwaka haujaisha, na harusi za makundi zikafungwa nchi nzima. Yasemwe yatakayosemwa kuhusu shinikizo lile, wako walioingia humo kwa hofu ya faini kuliko kwa hiari, na baadhi yao wametengana. Angalau sasa wana cheti.

Wasio na cheti hawajafungiwa kabisa. Kwao swali linahama kutoka kwenye ndoa hadi kwenye uzazi: je, baba amemtambua mtoto huyu katika daftari la serikali? Kama amemtambua, ana wajibu na ana haki, na sentare inaweza kuombwa kuamua mtoto akae wapi. Kama hakumtambua, baba huyo hana pa kushikia, hata kama mtaa mzima unajua sura ni yake. Ndiyo maana mwanamke aliyeachwa bila cheti cha ndoa, kabla ya kufikiria ulezi, afikirie cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mashehe wetu wanasuluhisha mengi, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa ukanda huu, hadhana, yaani ulezi, ya mtoto mdogo ni ya mama mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, karibu miaka saba, kisha mtoto huchagua. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki hiyo humtoka. Kanuni hiyo inajulikana sana mitaani, na wengi hudhani ndiyo sheria ya nchi. Siyo. Mbele ya sentare, kuolewa tena kwa mama ni habari ya kuchunguzwa, kama kuoa tena kwa baba. Nimesikia mama wakikataa posa nzuri kwa miaka kwa hofu ya kunyang'anywa watoto, na hakuna aliyewaambia kwamba hofu ile haikuwa na hukumu yoyote nyuma yake.

Tufike kwenye moyo wa jambo: hali iliyobadilika ni ipi?

Majirani zetu Watanzania wameliandika waziwazi. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 133, inaruhusu mahakama kubadilisha au kufuta amri ya ulezi wakati wowote, ikiwa amri ilijengwa juu ya uongo au kosa la ukweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 125 kinaongeza kwamba mtoto chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kwamba jaji atazame pia ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Hilo la mwisho lina uzito wake. Kila badiliko la ulezi ni jeraha dogo, hata linapoleta nafuu. Anayeomba badiliko ana kazi mbili: kuonyesha hali mpya, na kuonyesha kwamba hali hiyo inazidi gharama ya kumng'oa mtoto alipokwisha kushika mizizi.

Chukua mambo yanayotokea Bujumbura kweli. Mwezi Oktoba 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitia saini makubaliano juu ya wafanyakazi wa nyumbani, na wanawake wengi wa mitaa yetu wamekwenda Ghuba. Mama aliyepewa ulezi akiondoka kwa mkataba wa miaka miwili, mtoto anabaki na bibi. Baba anakuja mbio: hali imebadilika! Ni kweli, lakini bado hajajibu swali. Kama bibi ndiye aliyekuwa akimwamsha mtoto, kumwogesha na kumpeleka shule tangu zamani, na mama anatuma ada kila mwezi, siku ya mtoto haijabadilika sana. Kama bibi ni mgonjwa, na mtoto wa miaka tisa ndiye anayechota maji na kupika, imebadilika kabisa. Safari ni ile ile, majibu mawili.

Au mafuriko. Ziwa Tanganyika lilifurika mwaka 2020, likarudia 2021, na mwaka 2024 maji yalipanda tena. Wakazi wa Gatumba, magharibi ya mji, wamehama zaidi ya mara moja. Baba aliyepewa watoto akiwa na nyumba ya matofali anajikuta kwenye hema. Kumnyang'anya watoto kwa sababu maji yameingia ndani ni kumwadhibu kwa mvua. Hata hivyo, watoto hawawezi kungoja kwenye tope mpaka baba apate kiwanja. Kwa hali kama hiyo nadhani jaji mwenye busara angetoa amri ya muda, yenye tarehe ya kuitazama upya, ili mama awapokee bila baba kuhesabiwa ameshindwa. Amri za aina hiyo ndizo tunazozihitaji zaidi, na ndizo ambazo wazazi hawajui kuziomba: kila mmoja anataka yote au hataki kitu.

Kuhusu kipigo sina maneno mengi. Mtoto anayepigwa mpaka kuumia, au anayeguswa asipopaswa kuguswa, hangojwi likizo wala kikao cha wazee. Burundi ina sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 dhidi ya ukatili wa kijinsia, polisi wana watu wa kushughulikia watoto, na hospitali hutoa cheti cha daktari. Huyo atolewe leo, sentare ijulishwe kesho asubuhi. Hapo peke yake ndipo ninapokubali mtoto kuhama kabla ya karatasi.

Umri nao hubadilisha mambo, kimyakimya. Hukumu iliyotolewa mtoto akiwa na miaka mitatu haimtoshi akiwa na kumi na mitatu, kama vile viatu. Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 12, unampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu. Katika sentare zetu hili lingali dhaifu. Mtoto husimamishwa mbele ya baba, mama, mashangazi na wajomba, akaulizwa kwa Kirundi, hata akiwa mtoto wa Buyenzi anayeota kwa Kiswahili, "unataka kukaa na nani?" Swali hilo ni la kikatili. Linamtaka achague wa kumwumiza. Heri jaji amketishe pembeni, amwulize mambo ya siku yake: nani anakuamsha, unakula nini kabla ya shule, ukiugua usiku unamwita nani, unafanyia wapi kazi za mwalimu. Majibu yatasema kuliko chaguo lolote. Vituo vya maendeleo ya familia na jamii, ambavyo Warundi wanavijua kwa herufi CDFC, vina watu wanaoweza kuongea na mtoto na kutembelea nyumba zote mbili. Jaji anaweza kuombwa asiamue kabla ya kupata ripoti kama hiyo. Anayeomba badiliko na alitaje ombi hilo tangu karatasi ya kwanza.

Njia yenyewe huanzia mtaani. Zamani ilikuwa kwa bashingantahe, wazee wenye hekima waliosuluhisha milimani. Sheria ya tarehe 23 Januari 2021 imeweka baraza la wazee la mlima au la mtaa kuchukua kazi ya upatanisho. Wazee wanaweza kuwapatanisha wazazi juu ya likizo, ada, siku za kuonana. Yafaa sana. Tahadhari moja: makubaliano ya mdomo hayageuzi hukumu. Baba aliyekubaliana na mama kikaoni, akakaa na mtoto miaka mitatu, mbele ya sheria bado anaweza kuambiwa anakaa na mtoto asiye katika mkono wake. Mkikubaliana, pelekeni makubaliano sentare yatiwe muhuri. Mashauri ya watu na familia huanzia sentare ya makazi, iliyo karibu na watu; asiyeridhika hupanda Sentare Nkuru, na kutoka huko juu zaidi. Asiye na pesa za wakili aulize vyama vinavyotoa msaada wa sheria, kikiwemo Chama cha Wanawake Wanasheria wa Burundi.

Ushahidi mzuri katika kesi hizi ni wa kawaida mpaka watu huudharau. Buletini za shule, na jina la mtu aliyetia saini chini yake. Kadi ya chanjo. Daftari la wakazi wa nyumba, lile tunaloliita kaye, ambalo linataja kila mtu anayelala humo. Nyumbakumi anayejua nani hupita na mtoto asubuhi. Malipo ya matunzo kwa simu, kama Lumicash, ambayo yanaacha alama, tofauti na noti alizopewa shangazi mkononi kisha akakana. Nimeona watu wakienda sentare na mashahidi saba wa kusema mke wa zamani alikuwa na ulimi mkali mwaka wa harusi, bila hata mmoja wa kusema mtoto amekosa shule siku ngapi muhula huu.

Matunzo na ulezi huchanganywa kila siku. Baba halipi, mama anamficha mtoto. Mama anamficha mtoto, baba anaacha kulipa. Kila mmoja anamwadhibu mwenzake kwa chakula au kwa macho ya mtoto. Ni madai mawili tofauti: kutolipa hakumwondolei mtoto haki ya kumwona baba, na kutoonyeshwa mtoto hakumwondolei baba deni. Wako wanaoomba ulezi ili tu waache kulipa, na jaji mzoefu huwatambua upesi, kwa kuwa hawajui mtoto yuko darasa gani.

Nyuma ya mengi ya haya kuna ardhi. Burundi haina mpaka leo sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mila ndiyo inayogawa, na inagawa kwa upande wa baba. Familia ya baba inapomng'ang'ania mvulana, wakati mwingine wanamtetea yeye na kipande chake cha shamba, wakiamini kwamba mtoto aliyekulia kwingine atakuja kuambiwa hajulikani. Mama anayeomba ulezi wa kijana hufanya vizuri kulisema hili waziwazi: kukaa kwangu hakumfuti kwenu. Nimeona neno hilo likilegeza mikono iliyokuwa imekaza kwa miaka.

Kuna mpaka mmoja ambao sheria yetu haiwezi kuuvuka vizuri, nao uko umbali wa safari fupi ya basi. Bujumbura na Uvira ya Kongo zinaoana, zinaachana na kuoana tena. Kigoma vilevile. Baada ya mwaka 2015 mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia nje, wengi wao kwenye kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli upande wa Tanzania, na watoto waliondoka na mzazi aliyekuwa karibu nao siku ile. Mzazi akivuka na mtoto kwenda Kongo au Tanzania kinyume cha hukumu, hakuna chombo cha haraka cha kumrudisha. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 juu ya utoroshaji wa watoto, unaozilazimisha nchi wanachama kumrudisha mtoto upesi alikotoka, haujaunganisha Burundi, Kongo na Tanzania. Mzazi aliyebaki itambidi aanze upya katika sentare ya nchi nyingine, pengine kwa lugha nyingine, na kwa nauli yake mwenyewe. Kwa hiyo anayeona dalili, kama pasipoti inayotafutwa ghafla au cheti cha kuzaliwa kilichopotea kabatini, aende kwa jaji kabla ya safari na aombe iandikwe katika amri kwamba mtoto asivuke bila ridhaa ya wazazi wote wawili. Karatasi hiyo inaweza kuonyeshwa uhamiaji. Ikichelewa kwa siku moja, mtoto yuko Kavimvira, upande wa Kongo.

Ufaransa mwaka 2002 na Ubelgiji mwaka 2006 zilibadilisha sheria zao ili mtoto aweze kukaa zamu kwa zamu kwa wazazi wote wawili. Hapa Bujumbura, pamoja na uhaba wa mafuta na basi lisilokuja, zamu ya wiki kwa wiki kati ya Kinama na Kanyosha ingemchosha mtoto kabla hajafika darasani. Lakini walio mitaa ya jirani, Bwiza na Buyenzi, ambako mtoto anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwa mama hadi kwa baba, wamekuwa wakifanya hivyo bila kuliita jina lolote. Anakula mchana kwa mmoja, analala kwa mwingine, daftari zake ziko kwenye begi moja. Wazazi hao wakija sentare kuomba hukumu ifuate maisha yalivyo, jaji hatakuwa na haja ya kuvunja kitu: aandike tu njia ambayo mtoto amekwisha kuizoea.